Ukumbusho Ukutani: Kasongo Katika Picha za Wageni wa Katanga

Mtu akihama kwao, wasomaji wapenzi, hachukui nyumba yake mgongoni. Huchukua nguo chache, sufuria, labda na mkeka. Tena huchukua kitu kingine kisichoonekana katika mzigo, nacho ni sura ya nyumbani. Yosefu aliuzwa Misri akiwa kijana. Akawa mtu mkubwa huko, akala vizuri, akavaa vizuri. Lakini alipokaribia kufa aliwaapisha ndugu zake wasiiache mifupa yake katika nchi ya ugeni. Miaka yote ile kwao kulikuwa moyoni mwake. Wazee wetu nao husema: Mwacha asili ni mtumwa.

Wako watu ambao hawakutosheka kuiweka sura ile moyoni tu. Waliichora kwa rangi, na wenzao wakainunua na kuitundika ukutani, hata mgeni akiingia aione. Leo twataka kusimulia habari za picha za namna hiyo zilizochorwa Katanga na wageni na wana wa wageni. Sababu yetu ni moja: habari za Kasongo, mji wetu, zimo katika picha hizo, tena hazikuchorwa kwa sura ya kupendeza. Picha hizo zimetazamwa na watu wa Ulaya na Amerika katika maonyesho makubwa. Wengi wetu hapa hatujaziona hata moja. Basi si vibaya tukijua zasema nini juu yetu, na kama zasema kweli.

WAGENI WA MJI WA SHABA

Kampani ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika mahali palipojengwa mji wa Elisabethville, ambao leo waitwa Lubumbashi. Shaba ilikuwa tele, lakini watu wa kuichimba walikuwa wachache. Kampani ikatafuta wafanya kazi Lomami, Kasai, Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, hata Ruanda na Urundi. Hapo kwanza wanaume waliandikwa kazi kwa muda, kisha wakarudishwa makwao. Tangu mwaka 1928 hivi kampani ilibadili shauri lake, ikapenda mfanya kazi akae na mke na watoto kambini. Hivyo wakazaliwa watoto wa mjini ambao kijiji cha baba yao walikijua kwa masimulizi tu.

Kwetu Maniema nako njia ilifunguka. Reli ya kutoka Kindu mpaka Kongolo ilianza kazi mwaka 1911, nayo yapita ng'ambo ya magharibi ya Lualaba. Mwaka 1915 reli ya kutoka Kabalo ilifika ziwa Tanganika, na mwaka 1956 Kabalo ikaungwa na Kamina, maana yake na reli zote za Katanga. Vijana wengine wa kwetu walibaki katika machimbo ya bati ya Kalima na Punia; wengine walivuka mto, wakapanda gari la moshi, wakaenda kusini. Huko kambini walikutana na watu wa makabila mengi. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili, ile lugha ambayo babu zao waliizoea Nyangwe na Kasongo zamani za misafara.

Mwaka 1946 Mfaransa mmoja, jina lake Pierre Romain-Desfossés, alifungua mahali pa kuchorea huko Elisabethville. Watu walipaita Hangar. Mmoja wa wachoraji wake wa kwanza alikuwa Bela, mtu wa kabila la Wasara, mzaliwa wa nchi ya Chad. Huyo alikuwa mgeni kweli kweli, maana alifika Kongo pamoja na bwana wake, mbali kabisa na ndugu zake. Bela hakutumia brashi. Alichovya vidole katika rangi, akachora miti, wanyama na wawindaji, doa kwa doa. Kando yake walifanya kazi Pilipili Mulongoy, aliyependa samaki na ndege, na Mwenze Kibwanga, aliyejaza picha zake kwa mistari midogo midogo. Mwalimu wao hakuwalazimisha kuiga picha za Ulaya. Aliwaachia kila mmoja atafute yaliyo ndani yake. Alikufa mwaka 1954.

Kazi ya Hangar ilikuwa nzuri, lakini picha zake nyingi zilinunuliwa na Wazungu. Mchimba shaba hakuzitundika nyumbani kwake. Siku ya picha za mchimba shaba ilikuja baadaye.

NENO UKUMBUSHO

Baada ya uhuru wa mwaka 1960, na zaidi kati ya miaka 1970 na 1980, walitokea katika miji ya Katanga wachoraji wa namna nyingine. Hawa hawakuwa na bwana wala hangar. Walichora nyumbani, juu ya kitambaa cha gunia la unga kilichopakwa rangi nyeupe kwanza, kisha wakatembeza picha zao nyumba kwa nyumba. Wanunuzi wao walikuwa karani, mwalimu, fundi, mfanya kazi wa mgodi. Bei ilikuwa ya kadiri, na picha ikapata mahali pake katika chumba cha kupokelea wageni, juu ya viti.

Je, watu walitaka picha gani? Wengine walitaka kijiji cha kale: nyumba za nyasi, mto, mitende, mwanamke anatwanga. Wengine walitaka Mambamuntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki akaaye majini. Wengine walitaka mambo ya zamani ya taabu, kama zile picha zilizoitwa Colonie belge: mfungwa amelazwa chini, askari anampiga kwa fimbo ya ngozi ya kiboko, Mzungu amesimama akitazama, na bendera ya Ubelgiji inapepea juu. Na wengine walitaka picha ya Waarabu, ambayo tutaieleza punde.

Waliulizwa kwa nini wapenda picha hizo. Jibu lao lilikuwa neno moja: ukumbusho. Picha njema kwao si ile yenye rangi nzuri tu, ni ile inayomkumbusha mtu, inayomfanya baba awaite watoto na kuwaambia, "Njoni, niwaeleze jambo hili." Picha bila ukumbusho ni pambo tu.

Sisi Wakatoliki neno hilo twalijua vema. Twalisikia katika kila Misa, padri anaposhika kikombe na kurudia maneno ya Bwana wetu usiku ule wa mwisho. Twajua basi ya kuwa ukumbusho si kukaa na kuwaza mambo yaliyopita, kama mzee anayesinzia kivulini. Ukumbusho huleta jambo la zamani mbele yetu, na hutudai kitu. Ndiyo maana si salama kucheza nao. Anayeweka ukumbusho ukutani huwafundisha watoto wake kila siku, hata akiwa kazini.

TSHIBUMBA KANDA MATULU

Katika wachoraji wale ajulikanaye zaidi ni Tshibumba Kanda Matulu. Alizaliwa Elisabethville mwaka 1947. Asili yake ni Waluba wa Kasai, lakini alikuwa mtoto wa Katanga, akafanya kazi Likasi na Kolwezi. Mwaka 1973, akiwa anatembeza picha zake Kolwezi, alikutana na Johannes Fabian, mzaliwa wa Ujerumani, aliyekuwa mwalimu katika chuo kikuu cha Lubumbashi. Tshibumba alimwambia ya kuwa yeye si mchoraji tu, yeye ni mwana historia. Tena alionyesha kwa matendo. Kufikia mwisho wa mwaka 1974 alikuwa amemchorea picha zipatazo 100, zikieleza historia ya nchi yote: wafalme wa kale, kufika kwa Wareno, Livingstone na Stanley, wafanya biashara ya watumwa, utawala wa Wabelgiji, kuuawa kwa wachimbaji waliogoma Elisabethville mwezi wa Desemba 1941, Lumumba, vita vya Katanga na Kasai, mpaka siku zake mwenyewe. Kila picha aliieleza kwa Kiswahili, na maneno yake yakanaswa katika kinasa sauti. Fabian aliyatoa katika kitabu mwaka 1996.

Tshibumba mwenyewe hakukiona kitabu kile. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 habari zake hazikupatikana tena. Picha zake zimehifadhiwa Amsterdam, katika Uholanzi. Mwaka 1999 picha za Lumumba zilizochorwa naye na wenzake zilionyeshwa New York, na mwaka 2015 picha za Bela, Pilipili na Mwenze zilionyeshwa Paris katika maonyesho makubwa ya wachoraji wa Kongo. Kiswahili chaita nyumba za namna hiyo majumba ya makumbusho. Lakini ukumbusho wa nani? Mtu wa Amsterdam aitazama picha ile, aisifu, kisha aenda kunywa kahawa. Haimwambii habari za babu yake. Habari za babu ni zetu.

PICHA YA WAARABU

Sasa twafika kwetu. Picha ya Waarabu ilichorwa na wachoraji wengi wa Katanga, nayo yafanana karibu kila mara. Wanaume wenye kanzu nyeupe na vilemba wameshika bunduki. Mbele yao wapita watu wamefungwa mnyororo, au shingo zimebanwa katika miti yenye panda. Wanawake wamebeba pembe za ndovu kichwani, mtoto analia mgongoni. Nyuma, kijiji chawaka moto. Hata kama mchoraji hakuandika jina la mji, twajua njia ile yaelekea wapi, kwa sababu makao makubwa ya biashara ile katika Kongo yalikuwa Nyangwe na Kasongo.

Je, mchoraji aliyezaliwa Elisabethville aliyapata wapi mambo haya? Kasongo yenyewe wengi wao hawakufika. Wengine waliyasikia kwa wazee, maana watu wa Lomami na Kasai walitekwa wengi, na huzuni yao haikusahauliwa. Lakini sura yenyewe ya picha ilitoka pia katika vitabu. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, alihubiri Paris tarehe 1 Julai 1888 akiwaita Wakristu wa Ulaya wapinge biashara ya watumwa, kisha akaenda London na Ubelgiji kwa neno lile lile. Siku hizo magazeti ya misioni na vitabu vya wasafiri vilijaa picha za minyororo. Picha zile zikapita katika vitabu vya shule, na vitabu vya shule vikafika Katanga na kwetu. Hivyo mtoto wa mgeni, akitaka kuchora machungu ya babu yake, mkono wake ulifuata mistari iliyokwisha kuchorwa Ulaya.

JE, NI KWELI?

Ndiyo, ni kweli. Lazima tuanze kwa kukiri hivyo, maana wako wanaotaka kuficha. Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone alikuwa Nyangwe, siku ya soko. Watu, wengi wao wanawake, walikuja kwa mitumbwi na samaki, vyungu na kuku. Ghafula watu wenye bunduki walifyatua risasi katikati ya soko. Wanawake walijitupa mtoni, mitumbwi ikapinduka, na vichwa vikaonekana kwa kitambo majini kisha vikazama kimoja kimoja. Waarabu wenyewe walikadiria ya kuwa waliokufa ni kati ya 330 na 400. Livingstone aliandika aliyoyaona, na habari ile iliposomwa Uingereza ilisaidia kulifungisha soko la watumwa la Unguja mwaka 1873. Nyangwe si mbali na sisi. Maji yale ni Lualaba tunayovuka hata leo.

Lakini kweli ina pande nyingi, na picha ya gunia la unga ni ndogo. Katika picha mwenye bunduki ni Mwarabu mwenye kanzu. Katika misafara yenyewe washika bunduki wengi walikuwa watu weusi: waungwana wa pwani, Wanyamwezi, hata vijana wa nchi hizi waliotekwa wadogo, wakakuzwa na kupewa silaha ili wawateke wengine. Ngongo Lutete aliteka watu wengi kwa ajili ya Tippu Tip. Mwaka 1892 akageuka, akajiunga na askari wa Leopold. Mwaka 1893 Wazungu wale wale wakamwua. Basi akitaka mtu kutafuta katika picha ile nani ni babu yake, asitazame mnyororoni tu. Atazame na penye bunduki.

Tena wale waliokuja kuukata mnyororo hawakuja mikono mitupu. Askari wa Dhanis waliteka Nyangwe tarehe 4 Machi 1893 na Kasongo tarehe 22 Aprili 1893. Biashara ya watumwa ikavunjwa, nasi twamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini serikali iliyofuata ilitaka pembe, mpira na wapagazi, na fimbo ya kiboko ikachukua mahali pa mti wa panda. Wachoraji wa Katanga walilifahamu jambo hili kuliko waandishi wengi. Katika chumba kimoja baba aliweza kutundika picha ya Waarabu na picha ya Colonie belge, na mtoto akaona kwa macho yake ya kuwa mgongo unaopigwa ni ule ule.

YALIYOSAHAULIWA

Sasa tuseme yale ambayo picha haisemi. Daktari Hinde, Mwingereza aliyefuatana na askari wa Dhanis, alitoa kitabu mwaka 1897, na humo aeleza jinsi Kasongo ilivyoonekana siku ilipotekwa. Alikuta mji mkubwa kuliko Nyangwe, ghala zimejaa mpunga, mahindi na kahawa, na bustani zenye machungwa, mapera, makomamanga, mananasi, maembe na ndizi. Katika nyumba walikuta mishumaa, sukari, viberiti na bilauri. Hinde alikuwa adui wa mji ule, hakuwa na sababu ya kuusifu bure.

Nani aliilima mashamba yale? Wengi walikuwa watumwa, na hilo tusilisahau tukila wali. Lakini ndiyo mikono iliyoujenga mji. Waliotekwa hawakubaki katika mnyororo milele kama wanavyobaki katika picha. Walifika, wakapewa jembe, wakazaa, wakajifunza Kiswahili, wakaitwa waungwana, wakawa watu wa Kasongo. Baada ya vita mji ulihamishiwa mahali ulipo sasa, na mahali pa zamani pakaitwa Tongoni, maana yake mahali palipohamwa. Miaka hii ya karibuni wataalamu wa mambo ya kale, Wakongo na Wazungu pamoja, wamechimba Tongoni na kuwauliza wazee wa vijiji, na mwaka 2020 wakatoa habari za kazi yao. Udongo nao una ukumbusho wake, kwa mtu aujuaye kuusoma.

Hata Tippu Tip alikuwa mgeni aliyeikumbuka Kasongo kwa mbali. Hamed bin Muhammed, ndilo jina lake, aliondoka kwetu mwaka 1890, akafa Unguja mwaka 1905. Huko alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayatoa yachapwe. Twasikia humo pembe, vita, safari na mikataba ya biashara. Machozi ya watu hatuyasikii. Basi mgeni wa Unguja aliikumbuka Kasongo bila minyororo, na wageni wa Katanga waliikumbuka bila bustani. Kila mmoja alichukua kipande kilichomfaa.

MTU ANAPOCHORA KWAO MWENYEWE

Ili tuone tofauti, tutazame kidogo mashariki. Sam Ntiro alizaliwa mwaka 1923 Machame, chini ya mlima Kilimanjaro. Alisoma Makerere katika Uganda, kisha London. Akiwa mbali aliendelea kuchora Wachaga: mashamba ya migomba, watu wakifanya kazi pamoja, harusi na mavuno. Mwaka 1956 alichora wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, na mwaka 1960 jumba kubwa la makumbusho la New York likainunua picha ile. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, yeye alikuwa balozi wake wa kwanza London.

Mtu wa New York hakujua Machame iko wapi. Lakini mbele ya picha ile aliona watu wenye kazi, desturi na furaha yao, maana mchoraji alikuwa mtoto wa nyumba ile, akijua kila mtu amebeba nini na kwa nini. Kasongo haikupata bahati hiyo katika picha za Katanga. Ilichorwa na watu walioumizwa nayo. Hatuwezi kuwalaumu, maana aliyeumizwa ana haki ya kusema. Lakini kama mwenye nyumba naye akikaa kimya, habari ya nyumba hubaki nusu.

HATARI YA KIPANDE KIMOJA

Kwa nini twasema hatari? Hapa Kasongo Wakristu na Waislamu twakaa mtaa mmoja, na mara nyingi ukoo mmoja. Kaka aitwa Petro, mdogo wake aitwa Ramazani. Msiba ukitokea huketi katika mkeka mmoja. Mtoto aliyeona picha ya kanzu na bunduki tu, bila kuelezwa, aweza siku moja kumwambia mwenzake shuleni, "Babu zako waliwafunga babu zetu." Na mwenzake aweza kumjibu, "Nanyi babu zenu walinunuliwa." Wote wawili watakuwa wametukana babu mmoja.

Tumekwisha kuona katika nchi yetu ukumbusho uliokatwa nusu waweza kufanya nini. Mwaka 1992 na 1993 watu wa Kasai walifukuzwa Katanga kwa maelfu, wakalala siku nyingi katika vituo vya reli wakingoja gari la moshi, na wengi wakafa huko na njiani. Wengi walikuwa wamezaliwa palepale, kama Tshibumba. Kasai waliyoambiwa wairudie wengine waliijua kwa picha ya ukutani na masimulizi ya baba tu. Watu walikumbushwa ya kuwa hao ni wageni. Hawakukumbushwa nani aliwaita, wala nani alichimba ile shaba.

TUFANYE NINI?

Wasomaji wapenzi, jambo ambalo twalipendekeza ni dogo, tena halina gharama kubwa. Parokia zetu zina vyumba vya kusomea. Vitabu vingine vimeliwa na mchwa, lakini kuta zingalipo. Jumapili moja, baada ya Misa, chumba kile chaweza kuwa mahali pa maonyesho ya picha za kwetu.

Picha zitoke wapi? Shuleni mna vijana wenye mkono mwepesi, na nyumbani mna wazee wenye masimulizi. Kijana mmoja apewe mzee mmoja. Mzee asimulie, kijana achore: kivuko cha Lualaba, mpunga bondeni, mwembe wa zamani, mwalimu wa dini akipita vijijini kwa miguu, kuanzishwa kwa vikarieti ya Kasongo mwaka 1952, msikiti na watoto wa chuo, shughuli za soko, siku ya hofu ya maasi ya mwaka 1964. Kama hakuna kitambaa, gunia lafaa. Tshibumba hakuwa na kitu bora. Na walio mbali, Lubumbashi, Kinshasa na ng'ambo, waandikiwe barua walete picha zao za zamani, au wachore Kasongo wanayoikumbuka. Yafaa kuona aliyehama amechukua nini moyoni.

Chini ya kila picha yaandikwe mambo matatu: nani ameichora, mwaka gani, na nani aliyemsimulia. Asiyejulikana asitungiwe jina. Na picha ya mnyororo isiachwe nje. Itundikwe hapo katikati, kando yake picha ya bustani, na kando yake picha ya fimbo ya kiboko, ili anayetazama moja alazimike kuzitazama zote. Majirani Waislamu waalikwe tangu siku ya kupanga, wala wasingoje siku ya kufungua, maana wao si wageni katika habari hii.

Najua wengine watasema: mambo ya zamani yaachwe yalale, tutafute kwanza barabara, dawa na mshahara wa walimu. Hayo nayo ni kweli, na hatuwezi kumlisha mtu mwenye njaa picha. Lakini hata mwenye njaa huwasimulia watoto wake habari jioni, na watoto huzishika. Tukiwapa nusu, wataishi kwa nusu hiyo.

Mchimba shaba wa Katanga, mwenye mshahara mdogo, alitoa fedha yake kununua ukumbusho, akautundika mahali ambapo kila mgeni angeuona. Sisi tunaokaa penye mambo yenyewe, karibu na Tongoni na karibu na maji ya Nyangwe, tusishindwe naye. Na siku ile tutakapokusanyika mbele ya picha zetu, tuanze kwa kuwaombea wale walionunuliwa, wale walionunua, na wale waliozama siku ya soko, ambao majina yao sisi hatuyajui, lakini Mungu ayajua yote.